Injini ya Mkaanga

Siku lori la winchi lilipolibwaga lile gari la deraya uani kwenye gereji, Bi Nyundo hakusalimia mtu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akalikazia macho kama mtu aliyekutanishwa na mgoni wake. Na gari lenyewe lilikuwa la kusikitikia, wallahi. Kutu toka pua mpaka mkia, matairi yameoza, kuku walishataga kwenye kiti cha dereva, wakaangua, wakahama. Mafundi wenzake walilizunguka wakicheka, mmoja akauliza kama limeletwa kutengenezwa au kuzikwa. Yeye hakucheka. Alikuwa amelingoja gari hilo tangu utotoni.

Watu wengine hurithi shamba, wengine nyumba. Bi Nyundo alirithi jina. Kabla hajawa fundi wa injini, kabla hawajambandika hilo la Nyundo kwa ajili ya ulimi wake, alikuwa anaitwa binti Mkaanga. Mkaanga Injini, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita baba yake, na watoto walitunga na wimbo wa kumsindikizia mtoto wake shuleni. Alipigana mpaka akang'oka jino. Wimbo ukaendelea.

Kisa chenyewe kilijulikana na kila mtu. Wakati wa vita vya mpakani, baba yake alikuwa dereva wa gari hilo, na kamanda wa gari, aliyekaa juu ya kichwa chake na kumwamrisha kata kulia kata kushoto, alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja ziwa moja. Jioni moja askari wa miguu wa kikosi chao walibanwa ng'ambo ya mto. Gari likatumwa kwenda kuwachukua. Halikufika. Wale askari walipuliza filimbi usiku kucha wakidhani gari limepotea njia tu, na kulipopambazuka waliokuwa hai ni wachache, na hao wachache nao hawakuwa wazima.

Baadaye kamanda alisimama mbele ya wakubwa akasema injini iliungua njiani kwa sababu dereva alisahau kutia oili. Wakamgeukia dereva. Akasema ndiyo, nilisahau. Basi, kwisha habari yake. Akavuliwa magwanda, akarudi nyumbani na nguo alizovaa. Mkewe alivumilia, akavumilia, mwishowe akaenda kwao kusalimia na hajarudi mpaka leo. Mdogo wake akapanda cheo, akastaafu kwa gwaride, akawa mwenyekiti wa maveterani, na mpaka leo watu wanamwita Kamanda hata akiwa amevaa kandambili.

Sasa sikiliza. Bi Nyundo hakuwahi kuamini habari ya oili. Hata siku moja. Baba yake alikuwa mtu wa kupima oili ya jenereta la jirani bila kuombwa. Alikuwa mtu wa kuamka na kwenda kukagua oili ya gari ambalo lingesafiri kesho na si lake. Mtu wa namna hiyo anasahau vipi? Ila kila alipomuuliza, mzee alijibu jibu moja, nilisahau mwanangu, kisha akatoka nje. Ndipo yule msichana akaamua mwenyewe moyoni kwamba baba yake alisingiziwa, na aliyemsingizia ni baba mdogo, na ipo siku. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akijisemea, na aliyekuwa nguoni alimjua.

Na baba mdogo, kwa wema wake, alizidi kuuchochea moto. Alimlipia shule. Alimtafutia baba yake Bi Nyundo kazi ya ulinzi wakati hakuna aliyetaka kumwona getini kwake. Kila sikukuu alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Bi Nyundo alimwamkia shikamoo kwa meno yaliyobanwa na kila jema alilolipokea alilihesabu kama ushahidi. Mtu asiye na hatia, aliwaza, angekuwa mwema kiasi hiki kwa sababu gani?

Kumbe gari lilikuwa limelala miaka yote kwenye uwanja wa vyuma chakavu vya jeshi. Kamanda akalifuatilia, akalipata, akasema anataka lifufuliwe litembee siku ya kumbukumbu ya wale waliokufa mtoni. Alizunguka gereji zote. Kila fundi alimwambia mzee, ng'oa hiyo takataka tukuwekee injini ya dizeli ya kisasa. Akakataa. Alitaka injini ileile, na injini za aina ile zilitengenezwa chache, kiwanda kilishafungwa, kitabu chake hakuna. Mtu pekee aliyekuwa akiijua ni Mkaanga, ambaye alikuwa ameapa hatashika spana tena, na mtu pekee aliyefundishwa na Mkaanga ni binti yake. Alifundishwa hewani, kwa kijiti na mchanga, kwa sababu mzee huyo aliizungumzia injini ile jinsi wanaume wengine wanavyomzungumzia mke aliyeondoka.

Basi Kamanda akaja, akaketi kwenye benchi la gereji, akamwomba mtoto wa kaka yake. Akaongeza kwamba siku ya kumbukumbu angependa kaka mwenyewe ndiye aliendeshe, mbele ya watu wote. Bi Nyundo alisikia damu ikimpanda kichwani. Alimwona anataka kumrudisha baba yake kama mwizi mahali alipoibia ili watu wapate kumtazama vizuri. Lakini alitabasamu, akasema hakuna shida, baba mdogo, niachie mimi.

Mpango wake ulikuwa mwepesi na mbaya. Angeifufua injini ile mpaka iimbe, kisha katika njia ya oili inayopeleka beringi moja angepachika kipande kidogo cha madini ya risasi, kuiziba. Hakuna ambaye angejua. Siku ya kumbukumbu Kamanda angesimama juu ya gari akipunga mkono, injini ingepata moto, beringi ingeyeyuka, na moshi ungemfunika hapohapo mbele ya wageni na bendi. Dereva angemweka mwingine, baba yake asingegusa usukani. Safari hii wimbo ungetungwa wa Kamanda.

Baba yake, ambaye alikuwa anaishi naye chumba cha nyuma, aliposikia gari limeletwa alikataa kula. Bi Nyundo alimbembeleza, akachoka, akafoka. Mzee akasema iache, mwanangu, chuma hicho kiache kilale. Alipoona maneno yanaingilia huku yanatokea huku, akasema jingine. "Kama ni lazima uifungue, usihangaike kukagua beringi. Zimekwisha hizo. Zing'oe zote, yeyusha, mwaga mpya."

Bi Nyundo alimwonea huruma. Aliona mzee anaogopa mwanawe asije akaiona aibu yake kwa macho.

Kazi ikaanza. Injini iliganda kwa kutu, haizunguki hata kwa kusali. Akazijaza silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, akaziacha ziloe, akawa anazipiga pistoni taratibu kwa kipande cha mti mgumu, moja baada ya moja, kila siku kidogo. Aliyekuwa akimsaidia kuinua vitu vizito ni Cheche, fundi wa kuchomelea, mtani wake wa miaka mingi, mwanamume mwenye nyusi zilizoungua na maneno yasiyoisha. Cheche alisema kama angebembeleza wanaume anavyobembeleza injini, angekuwa ameshaolewa mara tatu. Bi Nyundo akamjibu kwamba aliyeungua nyusi asizungumzie habari ya uzuri. Pistoni zikalegea.

Siku walipoipindua injini kwenye stendi na kufungua bakuli la oili chini, Bi Nyundo alijiandaa. Alijua atakachokikuta. Injini za zamani hazitumii beringi za kununua dukani. Zake ni madini meupe laini, yanayeyushwa na kumwagwa kwenye nyumba yake, kisha fundi anayakwangua kwa mkono mpaka yakumbatie sawasawa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ikikosa oili, madini hayo ndiyo ya kwanza kuyeyuka. Yanatiririka kama nta, na krenki inabaki imechubuka na kubadilika rangi. Hata mtoto hawezi kukosea.

Kwanza alikuta oili. Nzito, nyeusi, imeganda kama lami, lakini imejaa mpaka kwenye alama. Akafungua kofia ya beringi ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa. Nyeupe. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Zote nyeupe, laini, zinang'aa, na juu yake kuna alama ndogondogo za kikwanguo zilizolala zote kuelekea upande mmoja, upande ambao alama hulalia pale tu mkwanguaji akiwa mtu wa mkono wa kushoto. Mkono huo aliufahamu. Ulimlea. Beringi hizi baba yake alizikwangua mwenyewe kabla ya vita, na tangu siku ile hakuna aliyezigusa, na hazikuungua hata chembe.

Alikaa chini sakafuni, kwenye oili, akaanza kucheka. Cheche akamuuliza kama apige simu hospitali.

"Haikuungua," akasema. "Injini ilikuwa nzima. Alidanganya. Yule baba mdogo mshenzi alidanganya."

Akamweleza yote. Kama injini haikuungua, basi gari lilisimamishwa makusudi. Na aliyetangaza kwamba imeungua ni nani? Kamanda. Mwongo huongopa kuficha la kwake. Aliogopa kuvuka mto, akaamuru gari lisimame, akamtwika kaka yake mzigo, na kaka kwa kumpenda mdogo wake akaubeba. Yote yalikaa mahali pake, kila jino la gia na mwenzake.

Cheche alijikuna pale nyusi zilipokuwa. Akasema polepole kwamba chuma kinaweza kukwambia kilikuwa kizima, ila hakikwambii nani alisema nini humo ndani. Akasema muulize kwanza mzee wako. Bi Nyundo akamwambia achomelee vyuma vyake, mambo ya ukoo hayamhusu. Hasira hasara, Cheche akasema. Ya nani, Bi Nyundo akauliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kile kipande cha risasi alikitupa. Cha nini tena? Kuharibu injini sasa ingekuwa kumharibu shahidi. Badala yake aliisafisha kama anayeosha mtoto mchanga. Silinda akazing'arisha, valvu akazisaga upya zikaketi vizuri, gasketi akazikata mwenyewe kwa mkasi. Krenki akaipaka masizi yaliyochanganywa na oili, akailaza kwenye beringi za baba yake, akaizungusha, akainua, akatazama masizi yalivyogusa. Yaligusa kila mahali. Fundi yule alikuwa fundi. Bi Nyundo alilia kidogo akiwa ameinama ili Cheche asione, kisha akaendelea, na kila bolti aliyoikaza aliikaza kwa jina la baba mdogo.

Hakumwambia baba yake kitu. Alitaka iwe zawadi. Alikuwa akimtazama akinywa chai na kujiambia, subiri tu, mzee wangu, subiri.

Gereji ile ina desturi yake, na Kamanda aliijua. Injini ya mtu ikifungwa upya, bolti ya mwisho haikazwi na fundi. Mwenye injini huitwa, akapewa spana, akaikaza mwenyewe mbele ya mashahidi, ili siku ikigonga asije akasema fundi hakukaza. Bi Nyundo alimpigia simu baba mdogo kwa sauti ya asali. Alimwambia injini iko tayari kufungwa, imebaki bolti yako, na kwa heshima ya gari lenyewe waite na wenzako wa mtoni. Kamanda alifurahi mpaka sauti ikatetemeka.

Kumpata baba yake ndiyo ilikuwa kazi. Mzee aligoma. Akasema miguu, akasema kichwa, akasema hana shati. Bi Nyundo akapiga pasi shati. Mwisho akamwambia, "Baba, nimeifunga peke yangu, sijui kama nimefunga au nimeharibu. Njoo uangalie tu." Fundi hawezi kukataa neno hilo. Mzee akavaa shati.

Walikuja asubuhi. Kamanda katika koti lililoning'inizwa medali, wazee wanne watano wa kikosi, na mama mmoja mjane ambaye mumewe alibaki ng'ambo ya mto akiwa bado bwana harusi. Aliyewatangulia alikuwa Mzee Magongo, aliyerudi kutoka kule kwa kutambaa na ambaye tangu siku hiyo anatembelea magongo mawili. Huyu katika maisha yake yote hakuwahi kumpa Mkaanga mkono. Hata siku hiyo alipita mbele yake kama anapita mbele ya nguzo. Kamanda yeye alimwendea kaka yake, akamshika mkono na kukaa nao kwa muda mrefu. Bi Nyundo aliwatazama, akasema kimoyomoyo, mnafiki we.

Injini ilikuwa imepinduliwa kwenye stendi, safi, imepakwa rangi. Beringi zote zimefungwa isipokuwa moja, na kofia yake ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Kando yake aliweka beringi nyingine, ya lori lililoungua mwaka uliopita, imeyeyuka, nyeusi, imechanika. Akaanza taratibu, kwa adabu. Akawashukuru wazee wake kwa kuja. Kisha akamwomba Mzee Magongo aguse vile vitu viwili na kuwaambia wenzake tofauti yake.

Mzee Magongo aliegemeza gongo moja mezani, akapitisha kidole. Akasema hii imeungua. Akagusa ya pili. Akasema hii ni nzima.

"Hiyo nzima imetoka humu," Bi Nyundo akasema. "Ndiyo ileile iliyokuwamo siku ile. Baba yangu aliikwangua kwa mkono wake na hakuna aliyeibadilisha. Nyingine nazo ziko hivyohivyo, nitawafungulia moja moja mkitaka. Oili niliikuta imejaa. Injini hii haijawahi kuungua, wazee wangu. Mlidanganywa. Mmemwita baba yangu Mkaanga maisha yake yote, na mwongo mmemfanya mwenyekiti."

Akamnyooshea kidole baba mdogo. Alikuwa ameungoja mnyoosho huo tangu akiwa na meno ya utoto.

Bi Nyundo alingoja macho yote yamgeukie Kamanda. Hayakumgeukia. Mzee Magongo aliishika ile beringi kwa muda, kisha akageuka, polepole kwa ajili ya magongo yake, akamtazama dereva. Na wazee wengine wakamtazama dereva. Kwa sababu wao walikuwa askari, na askari anajua kwamba gari kama ni zima basi lilizimwa, na anayelizima ni aliyelishika.

"Kumbe lilikuwa linatembea," Mzee Magongo akasema. "Tulipuliza filimbi mpaka midomo ikatoka damu. Sasa nani alilizima?"

Baba yake Bi Nyundo alifungua mdomo, midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Ni mimi," Kamanda akasema. Alisema haraka, akapiga hatua akasimama kati ya wale wazee na kaka yake. "Mimi niliogopa. Nilimwamuru azime, na asubuhi nikamlazimisha aseme ni oili. Yeye alitaka kuvuka. Mtoto amesema kweli."

Ee, raha aliyoisikia Bi Nyundo hapo, tusifichane, ilimshuka mpaka kwenye unyayo. Alimtazama yule mama mjane akimwendea Kamanda, akamtemea mate kwenye medali, akatoka nje. Aliwatazama wazee wakivua kofia zao za chama cha maveterani na kuziacha mezani. Mzee Magongo alikuwa wa mwisho. Alimwendea kwanza dereva, akamtolea mkono. Dereva akautazama ule mkono, akaupokea, na kuanza kulia. Kisha Mzee Magongo akamgeukia mwenyekiti wake.

"Nikifa, usije kwenye maziko yangu. Nimeshawaambia wanangu mengi, na hili nitawaambia leo."

Wakaondoka. Kamanda alibaki katikati ya gereji, mate yanamtiririka kwenye koti. Hakujifuta. Alikwenda mezani, akaichukua kofia ya beringi, akairudisha mahali pake, akachukua spana, akakaza bolti yake ya mwisho kama desturi inavyotaka. Alikaza vizuri. Akasema umefunga vizuri, mwanangu, akatoka kwa miguu, kijana aliyemleta akimfuata na gari polepole nyuma. Cheche alikuwa ameduwaa na kinyago chake mkononi.

Bi Nyundo alimpakia baba yake kwenye pikapu ya gereji. Alikuwa anaimba. Alipiga honi bila sababu. Alimwambia mzee kwamba kuanzia leo akipita mtaani apite katikati ya barabara, na atakayesema Mkaanga amlete kwake. Alimwambia wataandika barua jeshini, watamrudishia cheo chake, na mama naye atasikia huko aliko. Mzee alikuwa analia bado. Bi Nyundo akamwachia alie, maana kuna machozi ya kutua mzigo na hayo hayazuiwi.

Walipofika kwenye kona ya soko, mzee akasema jambo. Alilisema chini, Bi Nyundo akapunguza mwendo ili asikie.

"Hakuniamuru."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Hakuniamuru kuzima."

Bi Nyundo alilisogeza gari kando akasimama. Watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, mwenye mkokoteni akawapigia kelele wasogee. Hawakusogea. Mzee aliongea akitazama magoti yake, na akishaanza ikawa hawezi kuacha. Alisema walifika mpaka kwenye nyasi za mtoni. Alisema filimbi walikuwa wanaisikia, karibu, karibu kama kutoka hapa mpaka kwenye lile duka. Alifunga koki ya petroli, akauvunja mpini wa koki, akautupa kwenye maji, na injini ikajifia yenyewe. Mdogo wake alimpiga. Akamsihi. Akalia kama mtoto. Alitoka peke yake akatambaa kuelekea filimbi zilikokuwa, akarudishwa na risasi. Asubuhi akamwambia, kaka, kwa uoga vitani watakupiga risasi, kwa oili watakufukuza tu, basi tutasema ni oili. Ndivyo walivyosema.

"Kila sikukuu anakuja," mzee akasema. "Hajawahi kunikumbusha. Gari alilitafuta ili watu wanione nikiendesha, waache kuniita vile. Mimi nilimkatalia. Nilijua ukiifungua utaona."

Bi Nyundo alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Na leo? Leo amesimama pale, ametemewa mate mbele yako. Hakuna wa kukupiga risasi leo, baba. Mbona ulinyamaza?"

Mzee alijifuta pua kwa mkono wa shati lililopigwa pasi.

"Niliogopa," akasema.

Hasira ni kitu cha ajabu. Haiyeyuki eti kwa sababu uliyemwekea siye mkosaji. Ile aliyoitunza toka siku za wimbo wa shuleni ilikuwa palepale, nzima, imepashwa moto, inauliza iende wapi, na ndani ya pikapu walikuwa wawili tu. Alimtazama mzee huyu aliyemfundisha kazi kwa kijiti na mchanga. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akafuta uso kwa kiganja chenye oili, akatia gia, akageuza gari palepale barabarani huku wenye mikokoteni wakimtukana.

Mzee alitambua njia. Ilikuwa njia ya kwa Mzee Magongo. Akashika dashibodi.

"Mwanangu, turudi nyumbani. Tafadhali. Mimi ni baba yako."

"Ndiyo maana nakupeleka mwenyewe," Bi Nyundo akasema.

Walifika wakati wazee walikuwa bado wamekaa barazani, kofia hawana, na yule mama mjane akiwa nao. Bi Nyundo akazima gari, akashuka, akazunguka upande wa pili, akamfungulia baba yake mlango, akasimama hapo akingoja ashuke.